Namna ya Kuwamiminia Eumenide Maji na Asali

Wagiriki wa kale walimimina sadaka ya kinywaji kwa namna mbili. Katika sponde humwagwa kidogo kutoka kwenye bakuli bapa, kinachobaki hunywewa. Katika khoe mwenye kutambika hanywi: kinywaji ni cha ardhi, cha wafu na miungu wa chini. Ukizichanganya, tambiko limeharibika.

Hapa tunafuata khoe ya Eumenide, miungu wa kike wa kisasi, kama ilivyoelezwa na Sophocles katika tamthilia yake ya Oedipus huko Kolonos, nje kidogo ya Athens, iliyochezwa mwaka 401 KK.

Hatua ya 1. Ukiwa na mikono safi, teka maji kwenye chemchemi isiyokauka. Ya kisimani au mtungini hayafai.

Hatua ya 2. Zungushia sufu ya mwanakondoo, iliyokatwa karibuni, kwenye ukingo wa vyombo vya kumiminia na vishikio vyake vya pande zote mbili.

Hatua ya 3. Chombo cha mwisho kijaze maji na asali. Asali huzama, kwa hiyo ikoroge kwanza kwenye maji kidogo mpaka isivutike tena kwenye kijiko. La sivyo utamwaga maji matupu, asali ibaki imeganda chini. Mvinyo usitie kabisa. Mkono uliozoea sponde huufuata mvinyo wenyewe, na hapo ni rahisi kukosea.

Hatua ya 4. Simama, uso uelekee mapambazuko. Mimina mara tatu, na chombo cha mwisho ukimalize chote.

Hatua ya 5. Ardhi ikishanyonya, weka vitawi vya mzeituni kwa mikono miwili, tisa mara tatu: jumla 27. Vihesabu kabla hujaanza, maana ukishaanza kuomba si wakati wa kuhesabu.

Hatua ya 6. Omba kwamba, kwa kuwa jina Eumenide maana yake ni wenye moyo mwema, wampokee mwombaji kwa moyo huo. Sauti isisikike, wala usirefushe maneno. Kisha ondoka bila kugeuka nyuma.

Asiyeweza kwenda atume mtu. Katika tamthilia, Oedipus, kipofu na asiye na nguvu, alimtuma binti yake Ismene, akiamini kwamba nafsi moja yenye nia njema yatosha kulipa deni la maelfu.