Somo: Kurudisha majina ya Kirusi kwenye zip ya zamani

Mjomba alisomea uhandisi Urusi, na juzi kanipa zip ya picha zake. Kuifungua tu, folda ya kwanza inaitwa "î«ß¬óá". Usidhani imeharibika! Hapo pameandikwa Москва, yaani Moscow.

Zamani herufi moja ilikaa kwenye baiti moja, yaani nafasi 256 basi. Nusu ya kwanza ilikuwa ya Kilatini karibu kila mahali; nusu ya pili kila nchi ilijaza herufi zake. Baiti 8C kwenye jedwali la Kirusi la DOS, mfumo uliotangulia Windows (namba yake 866), ni М, kwenye lile la Marekani (437) ni î. Na zip haikusema imetumia jedwali gani. Alama ya kuonyesha kwamba jina ni UTF-8 (mpangilio mmoja wa herufi za lugha zote) iliingia kwenye kanuni za zip mwaka 2006.

1. Nakili zip pembeni. Majina yaliyokwisha kutoka vibaya usiyabadilishe kwa mkono, futa folda uanze upya.

2. Sakinisha unar (programu ya kufungua zip kwa amri, inakuja na lsar ya kuchungulia), kisha chungulia kwanza:
lsar -e cp866 picha.zip

3. Ukiona Kirusi kinachosomeka, toa:
unar -e cp866 picha.zip

4. Bado vurugu? Badala ya cp866 jaribu majedwali mengine ya Kirusi: windows-1251, halafu koi8-r. Hili la mwisho nalipenda: herufi zilipangwa kwa ujanja, mitambo ya barua pepe ikikata biti ya nane (inayotofautisha nusu ya pili na ya kwanza), Москва inabaki "mOSKWA". Mrusi anasoma tu.

MASWALI

Swali: Kwangu inaonekana "Ìîñêâà". Ni tatizo hilohilo?
Jibu: Ndilo, ila hiyo ni 1251 iliyosomwa kama Windows ya Ulaya Magharibi.

Swali: Mimi sina zip, majina yako hivyohivyo kwenye diski ya Linux.
Jibu: Sakinisha convmv, programu ya kubadilisha majina ya faili, kisha tumia convmv -r -f koi8-r -t utf8 folda. Hapo inakuonyesha tu itakachofanya. Ukiridhika, ongeza --notest.

Swali: Shemeji yuko Maskati, faili zake ni za Kiarabu.
Jibu: Njia ni ileile. Jedwali la Windows la Kiarabu ni 1256, la DOS ni 720. Anza na 1256.

Swali: Yangu yote ni mistari ya chini, ____.jpg.
Jibu: Pole ndugu. Kama ndivyo yalivyoandikwa ndani ya zip yenyewe, baiti za mwanzo hazipo tena. Mwombe aliyekutumia aifunge upya.