Umehamisha seva, Jumatatu watu wanalia desktopu zao zimepotea: anzia hapa

Hii imenikuta mwenyewe. Ijumaa usiku tulihamisha mafaili na profaili za watu kutoka seva ya zamani ya Windows Server 2012 R2 kwenda mpya, Jumamosi tukajaribu kulogini na akaunti zetu sisi watu wa IT, kila kitu safi, tukala chipsi mayai tukaenda kulala. Jumatatu saa mbili kasoro simu haikukatika. Dada wa uhasibu: "Kaka njoo, mashine yangu imekuwa mpya, kazi zangu zote hazipo." Kumbe kujaribu na akaunti ya admini ni kujidanganya tu, admini ana ruhusa ambazo wengine hawana, jaribu na akaunti ya mtu wa kawaida asiye na cheo chochote kwenye domeini (mtandao wa ofisi ambao akaunti zake zinasimamiwa na seva).

Naongelea zile profaili zinazokaa kwenye seva, yaani mtu akilogini mashine yoyote ofisini anakuta desktopu na setingi zake. Kitu cha kwanza usifute chochote. Narudia, usifute, sababu najua mkono unawasha kwenda C:\Users kufuta folda ya mtu ili "ijitengeneze upya", na kama mtu alikuwa na kazi ambayo haikuwahi kufika seva, hiyo umeizika.

Angalia kwanza kama mtu yupo kwenye profaili ya muda, ile tupu Windows inayompa ikishindwa kufungua yake. Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) andika `echo %userprofile%`, ikileta C:\Users\TEMP basi ndiyo hiyo. Hapo mwambie asihifadhi kitu kwenye desktopu, na kama asubuhi ameshafanya kazi, kopi kila kitu weka kwenye flashi kabla hajatoka kwenye akaunti (log off), maana akitoka tu ile folda inafutwa. Yule dada alikuwa ameshaandaa vocha za asubuhi nzima pale, nikamwambia dada yangu usiguse hata hiyo mausi. Tuliziokoa.

Sasa nenda Event Viewer (pale Windows inapoandika matukio na makosa yake), upande wa Application, tafuta User Profile Service. Namba zenyewe zinaongea. 1511 maana yake Windows imekosa profaili ya kwenye mashine ikampa ya muda, 1521 imeshindwa kuipata ile ya kwenye seva, na 1526 imeiona folda kwenye seva ila mwenye folda siye anayetakiwa. Usianze kubahatisha kabla hujaziona hizi.

Ukikuta 1521 angalia njia, yaani anwani ya folda ya profaili. Kwenye Active Directory (orodha ya akaunti za watu wa domeini) fungua akaunti ya mtu, tabo ya Profile, uone kama bado imeandikwa jina la seva ya zamani. Tulikuwa tumebadilisha kwa skripti na wachache wakarukwa. Kitu kingine kinachosumbua watu ni ile .V6, Windows 10 kuanzia toleo la 1607 na Windows 11 zinaongeza .V6 zenyewe mwisho wa jina la folda, wewe kwenye Active Directory unaandika `\\seva\profaili$\%username%` basi, ukiandika na .V6 yako itatafuta folda ya .V6.V6 na ile ya kweli haitaipata. Kama bado mna mashine za Windows 7 zile zinatumia .V2, ni folda nyingine kabisa, usishangae mtu kuwa na desktopu mbili tofauti.

Ukikuta 1526, au "access denied", hapo ndipo penye kesi nyingi na ndipo tulipokosea sisi. Windows inataka mwenye folda awe mtumiaji mwenyewe au kundi la Administrators, basi. Ukikopi kwa kuburuta na mausi ruhusa zinarithiwa kutoka folda ya juu, na ukitumia robocopy (amri ya Windows ya kukopi mafaili) bila kuiambia kitu inabeba data, sifa za faili na tarehe tu, ruhusa na mwenye faili inaviacha kule kule. Ilitakiwa iwe hivi: `robocopy \\zamani\d$\profaili D:\profaili /E /COPYALL /B /XJ /R:1 /W:1`. Ile R usiiache, ya kawaida yake inarudia mara milioni moja kwa kila faili lililogoma na kila mara inasubiri sekunde 30, utazeekea pale. Kama umeshakosea, kwenye seva mpya fungua cmd kama admini, `icacls D:\profaili\amina.V6 /setowner DOMEINI\amina /T /C`, halafu mpe ruhusa kamili yeye na SYSTEM (akaunti ya Windows yenyewe). Ruhusa za sheya (folda iliyofunguliwa kwa watu wa mtandao) zenyewe hazihami na robocopy, hizo unaweka mwenyewe, na kwenye sheya ya profaili zima kabisa ile kashe ya ofulaini, inayoweka kopi za mafaili ya seva kwenye mashine ya mtu.

Seva ikishakuwa sawa na mtu bado anaangukia TEMP, tatizo limebaki kwenye mashine yake. Atoke, wewe ingia na admini, fungua regedit (kihariri cha rejista ya setingi za Windows) kwenye HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\ProfileList, chukua bakapu yake kwanza. Ukikuta SID (namba ndefu inayotambulisha akaunti) moja imejirudia mara mbili, moja ina .bak mwishoni, yenye .bak ndiyo ya kweli. Isiyo na .bak ibadilishe jina iwe .old, hii nyingine itoe .bak, State na RefCount weka 0, washa mashine upya.

Kuna wale wanaosema desktopu ipo ila Documents haifunguki, huyo siyo profaili, ni folda zilizoelekezwa kwenye seva. Angalia HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\User Shell Folders, pale Documents inaitwa Personal, kama inaonyesha seva ya zamani basi rekebisha kwenye GPO (setingi zinazotumwa kutoka seva kwa mashine zote) kisha gpupdate /force na alogini upya, usihangaike kubadilisha mashine moja moja kwa mkono.

Seva ya zamani usiizime haraka. Iache wiki mbili hivi, kila siku fungua Computer Management uangalie Open Files na Sessions uone nani bado anabisha hodi. Yetu watu wote waliisha siku ya nne, akabaki mmoja tu anaingia kila asubuhi, tukamtafuta sana, kumbe ni mashine ya fotokopi iliyokuwa inatuma skani kwenye folda ya zamani.