Kumtambulisha ndugu yako kwa Kiitaliano

Anza na unaowataja kila siku: madre (mama), padre (baba), fratello (kaka), sorella (dada). Kisha sema: "Ti presento mia sorella", yaani, huyu ni dada yangu, mfahamu.

Hapo ndipo nilipojikwaa miezi mizima. Nilisema "la mia sorella" kwa kuwa nyumba yangu ni "la mia casa". Kumbe ndugu akiwa mmoja, hiyo "la" huiweki. Wakiwa wengi inarudi, ila kama "le": le mie sorelle, dada zangu. Ukimwita kwa kumdekeza, "la" inarudi pia: la mia sorellina, kidada changu.

Nipote ni mjukuu, na pia ni mtoto wa ndugu yako. Mimi huongeza haraka "il figlio di mio fratello", mtoto wa kaka yangu, watu wasinizeeshe bure! Wazazi ni genitori. Parenti ni jamaa wote.