Pima umeme wa friza lako kwa mita ya LUKU, kisha andika na gesi yake

Muuza samaki wa Kirumba, Mwanza, anajua bei ya sangara ya asubuhi hii. Muulize friza lake linakula uniti ngapi kwa siku, atakutajia hela ya umeme ya mwezi mzima, na ndani yake mna pasi, taa na TV. Friza lina hesabu yake.

1. Zima kila kitu, libaki friza peke yake. Chomoa hata chaja.

2. Tazama mita. Kuna taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima, na pembeni pameandikwa, kwa mfano, 1600 imp/kWh. Maana yake ikiwaka mara 1600, uniti moja imekwenda. Nyingine ni 1000 au 3200, soma ya kwako.

3. Friza likinguruma, hesabu kwa dakika 5. Tuseme imewaka mara 20. Gawa kwa 1600, zidisha kwa 12: uniti 0.15 kwa saa.

4. Sasa angalia ndani ya saa moja linanguruma dakika ngapi. Zikiwa 30, siku nzima ni uniti 1.8. Lisiponyamaza kabisa ni 3.6, kwa friza lile lile! Kabla hujailaumu kompresa, bana noti mlangoni uivute. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka. Kwangua barafu nene, lisogeze mbali na ukuta na jiko la mkaa.

5. Soma kibandiko cha nyuma: aina ya gesi ya kupoozea (kwa mfano R134a au R600a) na gramu zake. Kilo moja ya R134a hupasha dunia joto sawa na kilo 1430 za hewa ukaa, kwa hiyo gramu 120 zikivuja ni kama kilo 172. Ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikubaliana Kigali kupunguza gesi za aina hii. R600a athari yake ni ndogo sana, ila inashika moto: fundi asichomelee bomba likiwa bado na gesi. Na anayetaka kuiachia R134a hewani ili ajaze upya, mkatalie. Mdai mtungi wa kunasia gesi.

6. Andika daftarini tarehe, uniti kwa siku, aina ya gesi, gramu, na kila mara ilipojazwa. Friza la kujazwa kila msimu linavuja, itafutwe tundu kwanza. Ukibadilisha mpira, pima tena saa zile zile na mzigo ule ule wa samaki, maana friza tupu la alfajiri halilinganishwi na lililojazwa sato wa mchana.