Jinsi ya kuwasilisha picha na video katika shindano la krokei

Shindano la picha na video za krokei, mchezo wa kugonga mipira kwa nyundo yenye mpini mrefu ili ipite kwenye matao yaliyochomekwa uwanjani, lina milango miwili. Wa kwanza ni wa karani anayekagua kama fomu, faili na ruhusa zimetimia. Wa pili ni wa majaji wanaoitazama kazi yenyewe. Picha nzuri inaweza kukwama kwenye mlango wa kwanza bila jaji hata mmoja kuiona, na ndiyo maana mwongozo huu unautilia mkazo zaidi mlango huo. Umeandikwa kwa kufuata utaratibu uliozoeleka katika mashindano ya vilabu na vyama nchini Uingereza, ambako mchezo huu una mizizi mirefu kiasi kwamba klabu inayoandaa tenisi ya Wimbledon ilianzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya krokei, na hadi leo neno hilo limo katika jina lake. Pale ambapo kanuni za mwandaaji zinatofautiana na maelezo haya, fuata za mwandaaji.

Hatua ya kwanza: kusoma kanuni

Soma kanuni zote kabla ya kugusa kamera. Hakikisha kwanza kwamba unastahili kushiriki, kwa kuwa mashindano mengine ni ya wanachama wa klabu pekee na mengine yako wazi kwa kila mtu. Angalia pia picha zinatakiwa ziwe zimepigwa kati ya tarehe zipi, kila mshiriki anaruhusiwa kutuma ngapi, na kama kazi zilizotengenezwa au kubadilishwa kwa akili mnemba zinakataliwa.

Kifungu kinachohitaji utulivu ni kile cha haki. Kwa sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988, mwenye haki ya kwanza juu ya picha ni aliyeipiga, isipokuwa kama aliipiga akiwa katika kazi ya mwajiri wake. Kwa hiyo mwandaaji anapaswa kukuomba mojawapo ya mambo mawili ambayo hayafanani hata kidogo: ama umruhusu kuitumia picha, kwa mfano katika kalenda au tangazo la mashindano yajayo, huku ikibaki mali yako, ama umhamishie haki zote, hata wewe mwenyewe usiweze tena kuiuza wala kuichapisha bila idhini yake. La kwanza ni la kawaida na halina ubaya. La pili, kwa maoni yangu, halistahili kutiwa saini kwa ajili ya zawadi ya nyundo mpya ya krokei, na kifungu kinachosema kwamba haki zinahama kwa kila kazi iliyotumwa, hata isiyoshinda, kinatosha kukufanya ufunge fomu na kutafuta shindano jingine.

Jambo la saa nalo limewaponza wengi wetu. Kanuni zikisema mwisho wa kupokea kazi ni mchana wa saa 12:00 za London, hiyo ni saa sita ya kwao, wala si saa kumi na mbili ya kwetu. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, London iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa mbili, hivyo mshiriki aliyeko huku atahesabu saa nane mchana. Miezi iliyobaki tofauti ni saa tatu, naye atahesabu saa tisa alasiri.

Hatua ya pili: kuomba ruhusa

Ruhusa ni mbili, ya mahali na ya watu. Mwandikie katibu wa klabu siku kadhaa kabla, ukieleza jina lako, siku unayokusudia kwenda, na kwamba picha ni za shindano. Ukifika, jitambulishe kwa msimamizi wa mashindano ya siku hiyo na umuulize unaruhusiwa kusimama wapi. Kwa mtu yeyote ambaye uso wake utatambulika, pata idhini ya maandishi. Karatasi fupi yenye jina, tarehe na sahihi inatosha. Mtoto hatii sahihi mwenyewe, hutia mzazi au mlezi wake, na vilabu vya Uingereza havina mzaha katika suala hilo. Chukua sahihi hizo siku ileile, maana kumtafuta mchezaji wa klabu nyingine wiki tatu baadaye ni kazi ngumu kuliko kupiga picha yenyewe.

Hatua ya tatu: kupiga kwa kuuelewa mchezo

Majaji wa shindano la namna hii mara nyingi ni wachezaji, nao huona upesi mpiga picha asiyejua anachokitazama. Uwanja kamili una urefu wa takriban mita 32 na upana wa mita 25.6, ukiwa na matao sita ya chuma na kigingi kimoja katikati. Mipira ni minne, wa buluu, mwekundu, mweusi na wa njano, kila mmoja ukiwa na uzito wa gramu 454 hivi. Katika krokei ya gofu, kila mchezaji hupiga pigo moja kwa zamu na wote hugombea tao moja kwa wakati mmoja, hivyo matukio huja haraka; katika aina nyingine ya mchezo, krokei ndefu, mchezaji mmoja anaweza kuendelea kupiga kwa muda mrefu huku mpinzani wake amekaa kitini na kikombe cha chai, na uso wa huyo aliyekaa wakati mwingine ni picha bora kuliko pigo.

Uzuri wa mchezo huu umo katika nafasi finyu. Mpira una kipenyo cha milimita 92 na tao limezidi hapo kidogo tu. Katika mashindano makubwa nafasi inayobaki, ukijumlisha pande zote mbili, haifiki milimita moja. Ulale kifudifudi nje ya mstari wa mpaka, lenzi ikiwa karibu kugusa nyasi, usubiri mpira unapoingia taoni: utaona chuma kikitikisika, punje za udongo zikiruka chini ya nguzo, na mpira ama ukijipenyeza ama ukikwama kama mtu aliyenasa mlangoni na mzigo. Kwa kuugandisha wakati huo, kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde hutosha kukiwa na mwanga wa mchana. Usitumie fleshi. Usisimame kamwe kwenye mstari anaoulenga mchezaji, na chunga kivuli chako jua linapoinama.

Kwa video, washa kamera sekunde kadhaa kabla ya pigo na uiache mpaka mpira usimame, kwa sababu mlio wa nyundo juu ya mpira na kimya kinachofuata ndivyo vinavyoubeba mchezo. Vaa vipokea sauti masikioni unaporekodi. Mimi nilipuuza hilo mwaka mmoja, na video yangu ikarudishwa kwa sababu redio ya kwenye hema la chai ilisikika ikipiga wimbo wenye hakimiliki, kwa sekunde zisizozidi kumi na moja; sikuwa nimeusikia hata kidogo uwanjani.

Hatua ya nne: kuandaa faili

Toa faili moja kwa moja kwenye kamera au simu iliyopiga. Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kupoteza taarifa zake za ndani, yaani tarehe, saa na aina ya kamera, ambazo karani huzitumia kuthibitisha kwamba ilipigwa ndani ya muda uliowekwa. Kama huna njia nyingine, itume kama hati, si kama picha. Kupunguza kingo na kurekebisha mwanga kwa kawaida huruhusiwa. Kufuta mtu au kuongeza mpira ni udanganyifu. Ondoa jina au nembo yako juu ya picha, kwa kuwa majaji wanatakiwa wasijue ni ya nani. Video nyingi hutakiwa ziwe MP4, nayo inayozidi muda uliowekwa hata kwa sekunde mbili huweza kukataliwa na mfumo wenyewe.

Hatua ya tano: kuandika maelezo

Maelezo ya picha yawe sentensi moja au mbili zinazosema nani, nini, wapi na lini. Mfano unaokubalika ni huu: “Mchezaji wa mpira mwekundu akipita tao la tatu katika mchezo wa krokei ya gofu, Jumamosi alasiri, baada ya mvua.” Usiandike kwamba picha inaonyesha ari na umahiri, jaji ana macho.

Namba ya tao ndipo wengi hukosea. Bendera za pembeni husaidia: pembe ya kwanza ina bendera ya buluu, ya pili nyekundu, ya tatu nyeusi na ya nne ya njano, na tao la kwanza hadi la nne yako karibu na pembe hizo kwa mpangilio uleule. La tano na la sita yako katikati, kila moja upande wake wa kigingi. Tao lenye kichwa cha buluu ni la kwanza. Lenye kichwa chekundu ni la tano, ambalo katika krokei ndefu ndilo la mwisho kupitwa kabla ya kugonga kigingi, kwa kuwa humo kila tao hupitwa mara mbili na mzunguko wa pili haufuati mpangilio wa namba.

Hatua ya sita: kujaza fomu na kutuma

Andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti au kitambulisho, maana zawadi hulipwa kwa jina hilo. Chagua kundi sahihi, pakia faili ukiwa na intaneti ya uhakika, ambatisha idhini za maandishi, kisha usome tena kila kisanduku kabla ya kukitia alama, hasa kile cha haki. Ukishatuma, subiri barua pepe ya kupokelewa yenye namba ya kumbukumbu. Isipofika ndani ya siku moja, angalia kwenye barua taka kisha umwandikie mwandaaji.

Ukigundua kosa baadaye, usitume faili ya pili kimyakimya, kwa kuwa inaweza kuhesabiwa kama kazi ya ziada na kuziondoa zote mbili. Andika ukitaja namba ya kumbukumbu na uombe ile ya mwanzo iondolewe. Faili asili na karatasi za idhini zihifadhi mpaka matokeo yatangazwe, kwani walioingia fainali huombwa kuzionyesha, na muda wanaopewa huwa mfupi.