Biashara zinaikimbia Moshi? Namna ya kupima kabla ya kuilaumu halmashauri

Ukisikia watu wakisema biashara zinaikimbia Moshi kwa sababu ya halmashauri, pima kwanza. Anza na watu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,640,087 mkoani Kilimanjaro, ambako Moshi ndiyo makao makuu. Ya 2022 ikapata 1,861,934. Toa ya kwanza kwenye ya pili, gawa kwa ya kwanza, zidisha kwa 100: ongezeko la asilimia 13.5. Arusha, mkoa jirani, kutoka 1,694,310 hadi 2,356,255, imeongezeka asilimia 39. Kilimanjaro basi haipungui, inakua polepole tu. Sehemu ya sababu ni vihamba, yaani mashamba ya ukoo, visivyotosha kugawana: vijana wameshuka mlimani kutafuta maisha miaka nenda rudi, meya awe nani.

Kwa biashara, usitegemee hesabu ya leseni. Ni ya mwaka mmoja, na wapo wanaouza bila kuihuisha. Chukua mtaa mmoja, tuseme kuzunguka soko la Mbuyuni, uorodheshe fremu zote: inayofanya kazi, iliyofungwa, iliyobadili mpangaji. Kwa kila iliyofungwa, muulize jirani: mwenye duka kaenda wapi? Aliyehamia Bomang'ombe, mji wa wilaya jirani ya Hai, si sawa na aliyefilisika. Mara nyingi utaambiwa mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na hapo serikali haimo.

Sasa tenganisha nani anatoza nini. Hapa ndipo wengi huchanganya. VAT ya asilimia 18 ni ileile Moshi na Arusha, kwa hiyo haiwezi kueleza kwa nini mtu kahama mji mmoja kwenda mwingine. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri, pia ni ya taifa, inaanzia waajiriwa 10. Anayegoma kuajiri wa kumi anaikwepa hiyo, hamkimbii mkurugenzi wa manispaa. Kwa halmashauri tafuta ushuru wa huduma, kodi ya vibanda vyake na ada ya taka. Soma sheria ndogo za halmashauri zote mbili, ya Moshi na ya huko alikohamia mtu, moja kando ya nyingine.

Kiwanda kikipunguza wafanyakazi, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri aeleze sababu kabla ya kuwaachisha. Omba maelezo hayo kwa tawi la chama cha wafanyakazi. Yakitaja malighafi au mashine chakavu, hoja ya ushuru iweke pembeni. Yakitaja tozo, andika jina lake, kiasi na ofisi inayoitoza, umkabidhi diwani kabla ya kikao cha baraza.