Vizawadi vya watoto baada ya keki
Mzazi mwenzangu wa Kisumu, kama unamwandalia mtoto sherehe ya kuzaliwa, usikimbilie vile vipaketi vya kuwapa watoto wageni waende navyo nyumbani, vilivyojazwa tayari filimbi na vigari vya plastiki. Huvunjika kabla mgeni hajafika kwao. Zunguka soko la Kibuye Jumapili, nunua penseli za rangi na daftari ndogo kwa bei ya jumla, kisha ugawe mwenyewe. Kitu kimoja cha kutumika kinashinda vitano vya kutupwa.

Angalia sana umri. Walio chini ya miaka 3 hutia kila kitu mdomoni, kwa hiyo shanga, gololi, njugu na peremende ngumu zisiwemo kabisa. Baluni iliyopasuka nayo huziba koo, okota vipande mara moja. Hao wadogo wape mpira laini mkubwa kuliko ngumi zao, au kitabu cha picha chenye kurasa ngumu.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, basi tumia ya kaki na uandike jina la kila mtoto. Ongeza miwili mitatu ya ziada. Hakukosi ndugu mdogo aliyekuja kusindikiza, na inaniuma kumwona akiondoka mikono mitupu.